Ndege tatu za ami: usipige rangi, fungua tumbo kwanza

Dada mmoja wa Langoni, Lamu, ameniuliza hivi, nalifupisha kidogo: ami yake aliyemlea alikuwa baharia wa meli za mizigo miaka ya 70, amefariki na kumwachia ndege tatu ndogo za chuma, modeli za ndege za vita. Mbili zimeandikwa Dinky Toys kwa chini, hao ni watengenezaji wa Kiingereza, moja Spitfire ya Waingereza na nyingine Messerschmitt ya Wajerumani, ya tatu ni Mustang ya Wamarekani ya mkia mwekundu iko kwenye stendi, hiyo ami aliletewa na binamu yake kutoka ng'ambo baadaye sana. Spitfire imeanza kutoa unga mweupe tumboni na rangi inavimba, Messerschmitt ina mstari kwenye bawa anaodhani ni ufa. Kakake anamwambia azisugue kwa ndimu, azipige rangi ya mashua zing'ae, wazipeleke Shela wakawauzie wageni. Yeye anauliza kama zitapona, kama zina thamani, na aziweke wapi manake nyumba yao iko karibu na bahari.

Dada, kwanza pole kwa msiba, Mungu amrehemu ami. Pili, mwambie kakako angoje. Asiguse kitu. Ndimu isikaribie hizo ndege na rangi ya mashua ibaki huko huko kwa mashua, nitakueleza kwa nini, lakini hata kama hutasoma mpaka mwisho shika hilo moja.

Sasa tuanze na Spitfire manake ndiyo mgonjwa. Umesema unga uko tumboni, sio kwenye mabawa wala mkiani, na mimi hapo ndipo nilipopata jibu kabla sijaona hata picha. Hiyo Spitfire ya Dinky, kama ni ile namba 719 iliyotoka 1969, ina mota ndani, propela yake inazunguka yenyewe kwa betri ndogo. Igeuze juu chini utaona kifuniko. Nina hakika karibu yote kwamba kuna betri humo ndani ambayo ami aliitia siku za nyuma, akaizungusha propela mkafurahi, halafu ikasahaulika. Betri ikizeeka inavuja, na yale maji yake yanakula zinki polepole miaka na miaka, yanapita kwenye kila tundu, yanaingia chini ya rangi na kuinyanyua kutoka ndani. Watu wa pwani kila kitu kikiharibika tunasema ni chumvi ya bahari, na kweli chumvi inachangia, lakini chumvi ingeanza kwenye ncha za mabawa na miguu ya matairi, pale rangi ilipochubuka, isingejikusanya tumboni peke yake.

Ndege hizi sio chuma cha kawaida, ndio maana dawa za kutu tunazozijua hazifai. Ni zinki iliyoyeyushwa ikachanganywa na alumini kama asilimia 4 hivi, na shaba na magnesiamu kidogo sana, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Na zinki ina tabia moja mbaya, inaliwa na vitu vichachu na pia inaliwa na vitu vikali vya upande wa pili kama magadi na sabuni za kufulia. Yaani ndimu inaila, siki inaila, ukwaju unaila, magadi yanaila, Jik usiseme. Bibi zetu wanasugua dele la kahawa na sinia za shaba kwa ukwaju na jivu zinatoka zinawaka, hiyo ni shaba, shaba inastahimili. Ukifanya hivyo kwa Spitfire utaona povu dogo linachemka, na lile povu ndio ndege yenyewe inaondoka.

Fanya hivi. Tandika kitambaa cheupe mezani mchana mahali penye mwanga, vaa glovu. Fungua kifuniko taratibu kwa bisibisi ndogo inayoenea sawasawa, na kama kimegoma usilazimishe, kiache uniambie. Betri ikitoka iweke kwenye mfuko uitupe mbali na watoto, usiikwaruze. Halafu chukua brashi laini kavu, hata ya kupakia poda usoni iliyo mpya inafaa, upepete ule unga juu ya karatasi bila kuuvuta puani. Ukibaki umegandamana chovya pamba za masikio kwenye maji, zikamue karibu zikauke, upitishe kidogo kidogo, kila pamba ikichafuka tupa chukua nyingine. Maji yasiwe ya kisima manake visima vya mjini Lamu vingi vina chumvi, utakuwa unaoga kwa tope. Nunua yale maji safi ya betri ya gari yanayouzwa petroli stesheni au kwa wauza spea, lakini soma chupa vizuri au muulize muuzaji mara mbili manake pembeni yake wanauza asidi ya betri na chupa zinafanana. Ukimaliza iache mbele ya feni usiku kucha, juani usiipeleke.

Pale rangi ilipovimba usibonyeze wala usibandue. Najua kidole kinawasha. Rangi iliyonyanyuka bado ni rangi ya kiwandani, ikidondoka hairudi tena.

Kuna ugonjwa mwingine ambao lazima nikutajie, ili ukiuona uujue. Zinki ikiwa ilichafuliwa na risasi au bati kidogo tu pale kiwandani, yaani vipande visivyostahili viliingia kwenye chungu, basi modeli inaoza kutoka ndani, inavimba, inapinda, inapasuka nyufa nyingi nyembamba kama wavu, mwisho inamomonyoka mkononi. Hauna dawa. Unyevu na joto vinauharakisha. Dinky za kabla ya Vita vya Pili zimeathirika sana na hilo, za miaka ya 60 na 70 nyingi ziko salama kwa sababu viwanda vilikuwa vimeshajifunza kutumia zinki safi zaidi. Kwa hiyo sidhani kama yako inao, lakini hakikisha: piga picha kutoka juu na kutoka pembeni ukiwa umelaza rula kando yake, rudia picha ileile kila mwezi. Kama baada ya miezi kadhaa urefu ni uleule na mabawa yamenyooka vilevile, lala usingizi. Na hata kama moja ingekuwa nao haziambukizani, usije ukaziogopa zile nyingine.

Tuje kwa Messerschmitt. Huo mstari, angalia hivi: unakwenda sawa, umenyooka, unafuata ukingo wa bawa kuanzia mwanzo hadi ncha, na ukipitisha ukucha unahisi kama kituta chembamba kilichoinuka badala ya shimo? Kama ndio, huo ni mshono wa kalibu, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana chuma kikapenya kidogo. Ilizaliwa nao. Ufa wa kweli unapinda pinda, una matawi, na ukucha unaingia ndani. Nikikisia kutokana na ulivyoeleza, ni mshono. Ila na yenyewe fungua utazame betri, manake Messerschmitt Bf 109E ya Dinky, namba 726, nayo ina mota ya propela kama mwenzake.

Na hapa niseme kitu kuhusu ami yako, kwa sababu ulisema hujui kwa nini alizipenda. Dinky zilitengenezwa Liverpool, kiwanda cha kampuni ya Meccano kilikuwa barabara ya Binns Road, kikafungwa mwisho wa 1979. Baharia wa meli za mizigo miaka ile Liverpool ni bandari aliyoijua kama unavyoijua wewe gati ya Mokowe. Alinunua Spitfire na Messerschmitt, hizo mbili pamoja, na huo ni uchaguzi wa mtu anayefuatilia historia, manake hao ndio mahasimu wenyewe wa vita vya angani juu ya Uingereza kuanzia Julai hadi Oktoba 1940. Spitfire ilikuwa na injini ya Rolls-Royce Merlin na kabureta, rubani akiinamisha pua ghafla petroli inakatika injini inakohoa. Messerschmitt ilikuwa inapuliziwa mafuta moja kwa moja kwenye injini ya Daimler-Benz kwa hiyo Mjerumani akibanwa anapiga mbizi tu anatoroka. Aliyewasaidia Waingereza 1941 ni mwanamke, mhandisi Beatrice Shilling, aliweka washa, yaani kijiduara cha chuma chenye tundu dogo katikati, kwenye njia ya petroli, kipande kidogo mno, na tatizo likapungua sana wakati wanasubiri kabureta bora. Mimi kila nikiziona hizo ndege mbili kando kando naikumbuka hiyo washa.

Wala vita hivyo havikuwa hadithi ya mbali. Hapa Malindi ninapoishi ndege za Waitaliano zilitupa mabomu Oktoba 1940, walikuwa wanatokea upande wa Somalia.

Mustang sasa. Hii ni daikasti ya kisasa, yaani modeli ya chuma cha kumimina kwenye kalibu, ukubwa wa 1:72, ndege ya kweli imepunguzwa mara 72, kama ulivyosema imeandikwa kwenye stendi, na mkia mwekundu maana yake ni kikosi cha 332 cha Marekani, marubani weusi waliofundishwa Tuskegee, Alabama, wakati ambapo jeshi lao lenyewe lilikuwa bado linawatenga. Waliotangulia kabisa, skwadroni ya 99, walianza vita Afrika Kaskazini 1943, halafu kuanzia 1944 kikosi kizima kilikuwa Ramitelli, Italia, wakisindikiza ndege kubwa za mabomu kwenda Ujerumani na kurudi. Kamanda wao alikuwa Benjamin O. Davis Jr. Tazama jina lililoandikwa ubavuni mbele ya kiti cha rubani, kama ni "By Request" hiyo ni ndege yake Davis, kama ni "Ina the Macon Belle" ni ya Lee Archer. Hilo jina linachangia wakusanyaji wanaitafuta kiasi gani. Na mkia ule mwekundu ndio utakaoanza kupauka ukiuweka dirishani, kwa hiyo utoe hapo leo.

Kama unataka kuhakikisha vipimo vyako chukua rula. Mustang ya kweli ina upana wa mita 11.28 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, ukigawa kwa 72 unapata kama sentimita 15.7. Spitfire ni mita 11.23, ingekuwa 1:72 ungepata 15.6, lakini Dinky walikwenda ukubwa wao wa karibu 1:65 kwa hiyo yako itakuja kama 17.3. Ikija hivyo na maandishi ya chini yapo, basi hapo una Dinky ya kweli.

Thamani. Sikutajii bei, manake bei ya kitu kama hiki inategemea mambo ambayo sijayaona kwa macho, na mtu akikutajia shilingi bila kuishika muogope. Nitakwambia linalopandisha na linaloshusha. Boksi kwanza! Mwulize kila mtu nyumbani, panda juu darini, fungua masanduku ya ami, kama kuna boksi la karatasi hata limechanika usilitupe. Spitfire za mwanzo zilitoka kwenye boksi la filamu ya Battle of Britain ya 1969, na lile boksi likiwepo na karatasi yake ya maelezo mkusanyaji anakaa vizuri kwenye kiti. Halafu propela ya asili, kifuniko cha betri cha asili, stika za duara za mabawani ziwe ni zilezile. Rangi iliyochubuka kwa kuchezewa inashusha kidogo, inakubalika, ni umri wake. Rangi mpya juu ya rangi ya zamani inashusha mpaka chini kabisa, na hapo ndipo rangi ya mashua ingewamaliza, ndege ingeng'aa kweli na mgeni wa Shela angeinunua kwa bei ya kikumbusho cha ufukweni. Mustang ni habari tofauti, hizo za kisasa nyingi zinatoka kwa idadi maalumu na kadi yenye namba, kadi hiyo na boksi vikiwepo vihifadhi pamoja, bila hivyo bado ni nzuri ila bei inapungua sana.

Ukitaka kujua bei onlaini usitazame watu wanaomba ngapi, tazama zilizouzwa tayari zilikwenda kwa ngapi, ni vitu viwili mbali kabisa. Na ulinganishe na iliyo katika hali ya yako, tumbo lililovimba na yote.

Kama unaniuliza mimi, Spitfire usiuze sasa. Ikiwa na unga mnunuzi atasema inaoza atakupa za chai. Isafishe, ikae miezi, ukishakuwa na picha za kila mwezi zinazoonyesha haijabadilika hapo unazungumza ukiwa na ushahidi mkononi. Na ukija kuuza, uza zile mbili pamoja.

Mahali pa kuweka. Ulisema umezipanga kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukumbini kwa sababu zinapendeza, na nakuamini zinapendeza, hakuna pahali pazuri pa kuonyesha kitu kuliko kidaka cha nyumba ya Lamu. Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavuta unyevu kutoka chini, na pamoja na unyevu unapandisha chumvi, pitisha kiganja masika utahisi ubaridi na utatoka na vumbi jeupe. Hiyo chokaa, hasa ikiwa mbichi, ni katika vile vitu vikali nilivyosema vinakula zinki. Vyungu vya kaure havijali. Ndege zinajali. Ukishindwa kabisa kuziondoa, basi weka chini yake kipande cha kioo au akriliki, usiziegemeze ukutani, na masika yakiingia zitoe.

Mimi ningeziweka kwenye kontena la plastiki gumu la chakula, lile la mfuniko wa klipu na mpira wa kuzunguka, kila ndege lake au zitenganishwe zisigusane. Ndani tandika bafta nyeupe iliyofuliwa mara nyingi bila sabuni yenye manukato. Usitumie gazeti, usitumie sponji manake ikizeeka inayeyuka inanata kwenye rangi, na usizifunge kwa nailoni. Tia vifuko vya silika jeli, hata vile vinavyokuja na viatu vinasaidia lakini vingi vimeshalewa unyevu kabla havijakufikia, afadhali ununue zile punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Zikigeuka unazikausha kwenye sufuria kavu moto mdogo sana mpaka zirudi rangi yake, sufuria ambayo hampikii. Kontena likae chumba cha ndani, mbali na jiko, mbali na dirisha la baharini.

Na mambo mawili ya nyumba zetu. Vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na mende kwenye kabati la nguo, visikae pamoja na ndege, mvuke wake unalainisha plastiki, utakuta kioo cha rubani kimekuwa kama kimetiwa ukungu na propela imenata. Na udi. Najua alkhamisi jioni nyumba itafukizwa na ndivyo inavyotakiwa, funga tu kontena kabla, moshi wa udi una mafuta, yanatua kwenye rangi halafu vumbi linashikilia hapo hapo na kuliondoa ni kazi. Kabati jipya la mbao au la plaiwudi nalo linatoa hewa chachu kwa muda mrefu, ukilifungia zinki humo unarudi kulekule kwa ndimu. Kabati la zamani lenye hewa inayopita ni afadhali.

Mafuta ya nazi, mafuta ya cherehani, zile kopo za kupuliza za mafundi, vyote hapana. Vinakusanya vumbi na vinapenya kwenye stika.

Umeuliza mwisho, kama ungependa kuongeza ya nne kwa kumbukumbu ya ami uchukue gani. Hapo sina haja ya kufikiri, chukua Hurricane, ndege nyingine ya vita ya Waingereza. Dinky walikuwa na yao, namba 718, ya miaka ya 70, itakaa vizuri na hizo mbili, ama kama unataka ya 1:72 ikae na Mustang basi kampuni za Corgi na Hobby Master zote zimetoa. Nasema Hurricane kwa sababu hiyo ndiyo iliyopigana upande wetu huu, Waafrika Kusini walizileta Kenya wakapanda nazo kuelekea Somalia na Ethiopia dhidi ya Waitaliano. Machi 1941 kule Diredawa, Ethiopia, rubani wao John Frost alipigwa akatua kwenye uwanja wa adui wenyewe, na mwenzake Bob Kershaw akashuka palepale huku wanapigwa risasi, Frost akaruka ndani akakaa mapajani mwa Kershaw, kiti ni kimoja jamani, wakaondoka wawili kwenye ndege ya mtu mmoja wakafika. Shika hiyo modeli mkononi ujionee upana wa kile chumba cha rubani, utashangaa waliingiaje. Ukiipata yenye alama za Afrika Kusini, zile duara ambazo katikati ni rangi ya chungwa badala ya nyekundu, usiiache.

Kwa sasa nitumie picha tatu: Spitfire upande wa chini kifuniko kikiwa kimefunguliwa, bawa la Messerschmitt kwa karibu taa ikitokea pembeni sio mbele, na ubavu wa Mustang palipo na jina. Betri ukiikuta imeganda ndani usiitoe kwa kisu, ngoja nione kwanza.